Mwongozaji Kama Fanani: Je, Kuna Faida ya Kuzungushwa Makumbusho? Mifano ya Bukoba na Muleba

Utangulizi

Hoja iliyozaa makala haya haikuanzia maktaba, ilianzia mezani. Jioni moja mjini Bukoba, wanafunzi kumi na wanne wa fasihi tulikaa katika gesti tukihesabu hela. Safari yetu ya mafunzo ilikuwa imebakiza siku tatu, na mfuko ulikuwa umebakiza kiasi cha kutosha jambo moja tu kati ya mawili: ama kumlipa mwongozaji kila mahali tutakapokwenda, ama kulala siku moja zaidi wilayani Muleba tumsikilize mzee mmoja apigaye nanga. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza fedha. Nikasimama nikasema, "Jamani, sisi si watalii. Tumesoma. Vibao tutavisoma wenyewe." Wengi wakapiga makofi. Mhadhiri wetu alicheka tu, akasema, "Haya, mtaniambia kesho."

Katika makala haya ninataka kueleza wapi nilikosea na wapi sikukosea. Nadhani jambo hili linatuhusu sisi wa fasihi kuliko tunavyodhani, kwa sababu mtu anayesimama kati ya kazi ya sanaa na mtazamaji, akasema "tazama hapa, maana yake ni hii", anafanya kazi ile ile tunayojifunza kuifanya humu chuoni. Tukimkataa yeye, sharti tueleze kwa nini sisi tukubaliwe.

Swali lenyewe ni la dunia nzima. Mtu akibahatika kufika Paris na kuingia Louvre, ambako kazi zipatazo 35,000 huonyeshwa, jambo la kwanza la kuamua ni hilo hilo: nizungushwe, au nizunguke mwenyewe? Wanaopinga husema mwongozaji anagharimu, anakimbiza watu, na anakuchagulia cha kupenda. Wanaounga mkono husema bila yeye utapotea, utasukumana na watu mbele ya Mona Lisa, kisha utatoka umechoka miguu na huna ulichopata. Pande zote mbili zina haki. Kasoro yao ni moja: wanaanza kupima bei na saa kabla ya kuuliza ni kitu cha namna gani kinachotazamwa.

Mwongozaji ni nani?

Mwaka 1989, katika toleo la 21 la jarida la Mulika, M. M. Mulokozi alitoa makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, makala ambayo hakuna mwanafunzi wa idara yetu asiyeijua. Humo alishikilia kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Ukibadilisha moja, umebadilisha kazi nzima.

Sasa chukua ziara ya makumbusho uipime kwa mambo hayo. Fanani yupo: mwongozaji. Hadhira ipo: sisi, na viatu vyetu vyenye tope la Bukoba. Fani inayotendwa ni maelezo, visa, vichekesho na majina ya wafalme. Tukio ni ziara. Mahali ni pale penye vitu. Wakati ni ile saa moja kabla kundi jingine halijafika. Kwa hiyo mwongozaji si kibao kinachosema. Ni fanani kamili, na anaweza kuhakikiwa kama fanani mwingine yeyote: anaijua hadhira yake? Anabadilika ikibadilika? Anakubali kukatizwa?

Nimewahi kumpata asiyekubali. Nilikuwa sekondari, katika mji mmoja ulio mbali na Kagera, tukazungushwa na bwana mmoja ambaye alikuwa kama kaseti. Mwenzetu alipomwuliza swali alinyamaza kidogo, kisha akarudi mwanzo wa sentensi aliyokuwa ameikatiza akaisema yote upya. Tulicheka sana njiani. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa amepewa maneno ya kukariri na mtu mwingine, na alikuwa anaogopa kuyapoteza. Fanani aliyenyimwa uhuru wa kutunga hawezi kuwa na hadhira. Anakuwa na wasikilizaji tu.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa ambayo lazima tuikubali. Mtambaji wa ngano anapoanza na fomula ya kufungulia, anatupa ruhusa ya kutoamini. Sote tunajua kwamba tumeingia katika ulimwengu wa kubuni. Mwongozaji hatoi ruhusa hiyo. Yeye husema, "Hapa ndipo." Anadai ukweli, tena akiwa amesimama juu ya ardhi yenyewe. Ndiyo maana mwongozaji anahitaji uhakiki mkali zaidi kuliko mtambaji, wala si hafifu zaidi.

Katuruka: pale ambapo maelezo ndiyo kitu

Siku ya kwanza tulikwenda Katuruka, katika eneo la Maruku, si mbali na Bukoba mjini. Kwa amri yangu tulikwenda bila kupanga na mtu. Nilizunguka dakika kumi. Niliona miti, nyasi, ardhi nyekundu na nyumba ya msonge ambayo Wahaya huiita mushonge. Nyumba kama hiyo nilikwisha kuiona Dar es Salaam katika Kijiji cha Makumbusho. Nikajiambia, kumbe ndiyo haya tu? Wenzangu wakaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Tukarudi Bukoba mikono mitupu, na kesho yake ikabidi twende tena, safari hii tukiwa na mwongozaji. Yaani kwa ubahili wangu tulilipa nauli mara mbili na kupoteza siku moja.

Siku ya pili ardhi ile ile ilisema. Tuliambiwa habari za mfalme Rugomora Mahe, ambaye wanahistoria humweka katika karne ya 17, aliyetaka kujua mbinguni kukoje. Aliwakusanya wahunzi wafue chuma na kujenga mnara wa kumfikisha huko, nao mnara ukaanguka. Mahali pa kazi ile panahusishwa na mti uitwao Kaiija, jina linalohusiana na ufuaji wa chuma.

Kwa mwanafunzi wa fasihi hicho ni kisasili safi, na tungeweza kuishia hapo. Lakini mwaka 1969 na 1970 Mmarekani Peter Schmidt, mtaalamu wa akiolojia, aliwasikiliza wazee wa Buhaya, akaamua kuchimba pale pale walipomwonyesha. Alichokikuta ni mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Matokeo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1978. Tazama ugumu uliopo: mfalme ni wa miaka mia tatu na ushee iliyopita, chuma ni cha kale mno kumzidi. Je, wazee walidanganya? Hata kidogo. Walikuwa wamehifadhi kumbukumbu ya mahali kwa muda mrefu ajabu, ila jina la mwenye mahali lilikuwa limebadilika. Maelezo ya Schmidt ni kwamba ukoo wa kifalme wa Wahinda ulipatwaa mahali patakatifu palipokuwa pakihusishwa na Wachwezi na ufuaji wa chuma, ukamsuka mfalme wake ndani ya simulizi iliyokuwepo. Kwa lugha ya darasani: tabaka tawala halikufuta matini ya zamani, lilijiandika juu yake.

Na habari haikuishia kwenye maneno. Mwaka 1976 wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga tanuri upya mbele ya watafiti. Walitumia udongo wa kichuguu, manyasi ya bwawani yaliyochomwa, makaa, mivukuto, na mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri. Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba mirija hiyo iliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba hiyo ndiyo siri ya joto kali la tanuri. Wataalamu wengine walilipinga dai la hewa kupashwa moto, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Kwetu sisi jambo kubwa ni kwamba ujuzi ule ulikuwa mikononi mwa wazee, haukuwa umeandikwa popote.

Basi Katuruka ni mahali pa aina ya kwanza: mahali ambapo kitu cha kutazama ni kidogo na maelezo ndiyo kitu chenyewe. Kwenda huko bila msimulizi ni sawa na kununua tiketi ya mchezo wa kuigiza kisha ukaangalia jukwaa tupu. Hapa nilikosea, na ninakiri.

Vinavyojieleza, na visivyo na wa kuvieleza

Lakini si kila mahali ni Katuruka. Katika Makumbusho ya Kagera, upande wa Nyamukazi karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, pamoja na vyombo vya asili kuna picha za wanyama wa mkoa huu. Picha ya mnyama, ikiwa na jina lake chini, inahitaji macho na utulivu. Hapo mtu anayesema bila kukoma anaweza kukuziba badala ya kukufungua. Vyombo vya asili ni habari nyingine: chombo kinataka mtu aliyekitumia, au aliyemwona mama yake akikitumia.

Aina ya tatu ni ngumu zaidi. Wilayani Missenyi, huko Bwanjai, kuna michoro ya rangi nyekundu kwenye miamba. Waliochora wamekwenda na maana yao. Mwongozaji mwema wa mahali kama hapo ni yule atakayekuonyesha njia, akuzuie usiguse, kisha anyamaze. Akianza kukuambia kwamba alama hii ni mvua na ile ni roho, mwulize amejuaje. Wako wahakiki wa namna hiyo pia, na sote tumewasoma: shairi halijasema kitu, wao tayari wameona ndani yake ubeberu, ndoa na ukame.

Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi, mwaka 1967, alitaka kumpa msomaji uhuru. Bwanjai mwandishi amekufa kweli, wala si kwa nadharia, na msomaji yuko huru kabisa. Nadhani hata Barthes angetamani kumwuliza mchoraji yule swali moja tu!

Aina ya nne ni ile ambapo hadhira inakuja na maelezo yake. Katika Kanisa Kuu la Bukoba limo kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa, aliyefanywa Kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi. Mwili wake ulihamishiwa hapo mwaka 2012. Anayefika hapo na kupiga magoti hahitaji kuambiwa amesimama wapi. Mgeni asiyejua anahitaji. Kaburi ni lile lile, ila hadhira ni mbili. Kwa hiyo swali "Je, kuna faida?" haliwezi kujibiwa kabla ya kusema "kwa nani?"

"Mwana wa nani?"

Kutoka Katuruka tulishika barabara ya Muleba. Bibi yangu anaishi upande wa Kamachumu, nasi tulipitia kwake kumsalimu. Alitupa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi, na mimi nikaanza kumsimulia kwa majivuno yote tuliyoambiwa: mfalme, mnara, chuma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo kijana aliyewaeleza ni mwana wa nani?"

Sikujua. Kati yetu kumi na wanne hakuna aliyeuliza.

Msomaji asidhani kwamba bibi alikuwa anapenda umbea. Kwa Wahaya swali la ukoo ndilo mwanzo wa mazungumzo yoyote ya maana, na katika habari za wafalme na mahali patakatifu ni swali la utafiti hasa. Aliyekusimulia ni wa ukoo gani? Ukoo huo ulikuwa upande gani wa jambo lenyewe? Nani alimpa yeye? Sisi tumejaza daftari na jina la Schmidt, mwaka na kurasa, lakini fanani aliyesimama mbele yetu hatukumwandika.

Tena pana jambo zito zaidi. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania aligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata maradhi hayo yaliukumba mkoa huu vibaya sana. Waliokufa hawakuwa wafanyakazi na wazazi tu. Walikuwa pia njia ambayo maneno ya wazee yangepita kufikia watoto. Schmidt aliporudi Katuruka miaka ya 2000 aliwakuta wanakijiji wakijitahidi wenyewe kuokoa habari za mahali pao, na ndipo naye alipokiri kwamba katika utafiti wake wa mwanzo aliwasikiliza zaidi wazee wanaume, huku wanawake wakiwa na maarifa yao kuhusu mahali hapo. Kwa maneno mengine, kile tunachosimuliwa leo kimepita kwenye tundu la sindano. Mwongozaji anapokuwa kijana anayesema "wazee walisema", lazima tuheshimu jitihada yake, na pia tumwulize: wazee gani, na bibi zao je?

Nanga, na jinsi nilivyopata kazi nisiyoitaka

Kwa kuwa tulikwisha kupoteza siku, muda wetu wa nanga ulikuwa alasiri moja tu. Nanga ni ala ya nyuzi iliyochongwa kwa mti mfano wa chano kirefu, nayo hupigwa huku mpigaji akiimba habari za mashujaa. Mulokozi ndiye aliyeutafiti sana utanzu huu, na mwaka 1997 aliandika kuhusu Habibu Selemani, aliyefariki mwaka 1993, akimwita wa mwisho wa manju hao. Mzee tuliyemwendea alitabasamu tulipomtajia hilo.

Akaanza. Nusu ya wenzangu hawajui Kihaya. Mimi Kihaya changu ni cha likizo, lakini ndicho kilichokuwepo, wakaniomba niwatafsirie. Basi nikainama nikawa nawanong'oneza: sasa shujaa anaagana na mama yake, sasa anavuka mto. Yule niliyesema "sisi si watalii" nikawa mwongozaji! Tena mbaya. Nilikuwa nyuma ya mzee kila mara. Waliokuwa wanacheka walicheka nilipomaliza mimi, si alipomaliza yeye. Hatimaye aliachia nyuzi akauliza kwa Kiswahili, "Kijana, unasema na nani?"

Nikamweleza, nikaomba radhi. Mzee akafikiri kidogo. Halafu aliwageukia wenzangu, akawapa kisa chote kwa Kiswahili kwa maneno machache, akasema, "Sasa tazameni mikono." Akarudi kwenye nanga. Sikusema tena neno, na hakuna aliyeniuliza. Giza lilipoanza kuingia dereva wetu akapiga honi, tukaondoka shujaa akiwa bado njiani. Mwisho wake siujui hadi leo, na gharama hiyo naihesabu juu yangu.

Lakini nilijifunza kwa mzee yule kitu ambacho vitabu havikunifundisha. Maelezo yana wakati wake. Yakitolewa kabla, yanafungua mlango. Yakitolewa baada, yanapanga tulichokiona. Yakitolewa wakati kazi yenyewe inasema, yanaizima, hata yakiwa ya kweli kabisa.

Jinsi ya kuamua

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matano kwa yeyote anayesimama mlangoni na pochi mkononi.

Kwanza, uliza maana imekaa wapi: ndani ya kitu, au ndani ya simulizi? Ikiwa ndani ya simulizi, lipa bila kusitasita.

Pili, jipime mwenyewe. Unakuja na nini? Anayejua tayari anaweza kwenda peke yake, ila ajiulize kama anajua kweli au anajua kusoma vibao tu.

Tatu, angalia kama unaweza kujibizana. Mwongozaji mmoja kwa watu kumi ni fanani na hadhira yake. Kwa watu sitini ni kipaza sauti.

Nne, mwulize aliyemsimulia. Mwongozaji mzuri hatachukia. Anayechukia amekwisha kukujibu.

Tano, kama muda upo, zunguka peke yako kwanza, halafu pamoja naye, kisha rudi peke yako tena. Zile dakika zangu kumi za kwanza Katuruka hazikuwa hasara tupu: bila kuona ile ardhi kimya nisingejua ni kiasi gani imefunguliwa na maneno.

Hitimisho

Baadhi ya wenzangu watasema nimemkweza mwongozaji mno kwa kumwita fanani, na wengine watasema nimemshusha mhakiki kwa kumlinganisha na mtu wa kuzungusha wageni. Kwa wa kwanza nasema: nendeni Katuruka bila yeye, kisha mniandikie mlichoona. Kwa wa pili nasema kwamba tofauti ipo, lakini haitupendelei. Mwongozaji akisema uongo, yuko mtu wa kijiji kile anayepita njia atakayemsikia na kumrekebisha. Sisi tunaandika tukiwa mbali, ambako anayejua hasikii.

Safari ijayo, kama bado mtaniamini na mfuko, mapendekezo yangu ni haya: mwongozaji mmoja, Katuruka, kwa miadi, Makumbusho ya Kagera kila mtu kwa macho yake, na Muleba siku mbili nzima. Atafutwe pia mtu wa kumweleza mzee mapema kwamba miongoni mwetu kuna wasiojua Kihaya, ili aamue mwenyewe la kufanya. Nami nitakaa nyuma kabisa, nimefunga mdomo, nisikie shujaa yule alifika wapi.